Safari ya Bei Rahisi Hulipwa na Nani?

"Huyu kijana anatembea kwa sababu hana nauli?" bibi aliniuliza.

"Nauli anayo, bibi."

"Sasa mbona anatembea?"

Ndugu msomaji, nilishindwa kumjibu. Bibi yangu hajakaa darasani hata siku moja, na mimi nina cheti cha kidato cha nne kabatini, lakini swali lile lilininyamazisha kama mwanafunzi aliyekuja shule bila kazi ya nyumbani. Nimelibeba tangu mwaka 2021. Nimepanda nalo milima ya Usambara, nimeshuka nalo mpaka baharini Tanga, na leo naliweka mbele yenu, vijana wenzangu mnaoshika kalamu, maana nimegundua kuwa linatuhusu na sisi.

Kijana mwenyewe alikuwa Mzungu wa makamo yangu, shanta kubwa mgongoni, viatu vyekundu kwa vumbi. Aliingia kwetu Kisanga jioni moja ya mwezi wa Juni. Alikuwa ametoka Kilosa mjini, kidogo kwa miguu, kidogo kwa lifti za malori, akapitia Ulaya. Msinicheke: Ulaya ipo, tena ni kata ndani ya wilaya yetu ya Kilosa. Kwa hiyo kijana yule alitoka Ulaya, akaja Ulaya, akaondoka Ulaya akafika Kisanga. Watoto wa mtaani walilicheka jambo hilo mpaka kesho yake.

Aliomba mahali pa kusimamisha hema. Bibi akakataa katakata. "Mgeni wangu alale nje kama mbwa?" Basi mimi nikatolewa kitandani, nikapewa mkeka. Jogoo aliyekuwa anatuamsha alfajiri akachinjwa. Mgeni alikula ugali kwa mkono, tukamsifu, akatuonyesha picha ya mama yake kwenye simu, kisha akalala fofofo.

Asubuhi nilimsindikiza hadi njia panda. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga lakini hesabu zake zilikuwa safi. Alitoa daftari akanionyesha. Kila siku ilikuwa na ukurasa wake na kila ukurasa una jumla. Alikuwa amejiwekea ahadi ya kuivuka nchi yetu, kutoka milima ya kaskazini hadi pwani ya kusini, kwa dola 10 kwa siku, na siku nyingine alitumia pungufu ya hapo. Siku ya Kisanga ilikuwa imeandikwa shilingi 1,500: ndizi na maji. Alitabasamu kama mtu aliyefunga goli.

Na mimi, nisiwafiche, nilimwona shujaa. Niliporudi nyumbani nikamweleza bibi habari za daftari lile, na hapo ndipo aliponiuliza swali lake.

Kwa bibi, kutembea si mchezo. Maisha yake yote ametembea kwa sababu hapakuwa na njia nyingine: kwenda shamba, kwenda mtoni, kupeleka mtoto mgonjwa kwa mganga na baadaye zahanati. Mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Kwake mtu mwenye nauli mfukoni anayeamua kuchubua miguu yake ni kama mtu mwenye chakula anayeamua kulala njaa. Lazima kuna kitu anakitafuta. Ni kitu gani hicho?

Mimi nilidhani nakijua. Nilitaka kuwa mwandishi wa riwaya. Nilishaandika sura mbili kuhusu kijana anayezunguka nchi, na zote mbili zilikuwa mbovu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijavuka Morogoro mjini. Wahenga walisema tembea uone. Nikasema kama Mzungu anaweza kuiona nchi yangu kwa elfu moja na mia tano kwa siku, mimi mwenye nchi nitashindwaje?

Mwezi wa Agosti 2022 nikaondoka. Nilikuwa na shilingi 70,000, nilizozipata kwa vibarua vya kubeba magunia ya vitunguu. Nilikuwa na begi la shule la mdogo wangu, sweta moja, na daftari. Ndiyo, na mimi nilinunua daftari.

Mikumi nikapata lifti ya lori hadi Morogoro. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na mtu anayepita haendi getini kununua tiketi. Mgeni hulipa kiingilio ili aingie ndani na gari la utalii. Mimi nilikaa juu ya magunia nikaona twiga, pundamilia na tembo wanne, yote bila senti. Nikaandika kwenye daftari: "Mbuga ya wanyama, bure." Nilijiona mjanja wa wajanja. Sikukumbuka hata kidogo kwamba wakulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanawajua tembo hao hao kwa namna nyingine. Wao huamka asubuhi na kukuta shamba la mahindi limelazwa chini. Tembo niliyemtazama bure, kuna mtu alikuwa amemlisha.

Kutoka Morogoro nikapita Chalinze, Segera, hadi Mombo. Mombo iko chini kwenye joto. Juu yake, kilometa zaidi ya 30 za barabara ya kona na korongo, ndiko kuna Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmsthal walipoufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Kutoka Lushoto wasafiri wenye mashanta hupenda kutembea siku tatu nne, kijiji hadi kijiji, mpaka Mtae, pale ambapo milima inakatika ghafla na unaona tambarare ya Mkomazi chini yako mpaka upande wa Kenya. Nikaamua na mimi nifuate njia hiyo.

Siku ya kwanza nililala gesti Lushoto na nikaumia moyo kulipa 10,000. Vijana wawili niliopiga nao stori stendi wakanipa mbinu. "Mshikaji, huko vijijini usiulizie gesti. Sema umeishiwa. Wasambaa wana huruma, hulali nje." Walisema hivyo kwa kuwasifu watu wao. Mimi nikayasikia kama maelekezo.

Siku ya pili jua lilizama nikiwa katikati ya mashamba ya kabeji na viazi. Agosti kule juu ni baridi kali, ukungu unaingia mpaka ndani ya mifupa. Nikabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza niliyoona moshi. Akatoka mama mmoja, watoto watatu nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatoka wapi usiku huu?"

Nikamweleza natoka Morogoro, wilaya ya Kilosa, naitembelea nchi. Akashangaa, akanikaribisha jikoni kwenye moto. Tulipokwisha kula ugali na maharage akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayemwazia mwanawe, "Mwanangu, na nauli ya kurudi kwenu unayo?"

"Sina, mama," nikasema. "Nimeishiwa."

Msomaji, ndani ya soksi yangu ya kulia kulikuwa na shilingi 38,000.

Mama yule hakusema neno. Aliinuka akaenda chumba cha pili, akarudi na blanketi, akanitandikia. Nyumba ikazimwa taa. Nililala vizuri mpaka kama saa nane za usiku, nikaamshwa na kikohozi. Mtoto alikuwa anakohoa upande wa pili wa ukuta, kikohozi kikavu cha mtu anayetetemeka. Kisha nikamsikia mama akimnong'oneza, na sauti ya kanga zikivutwa na kufunikwa. Nikashika blanketi lililokuwa juu yangu. Lilikuwa fupi. Miguu yangu ilikuwa nje tangu nilipolala na sikujiuliza kwa nini. Lilikuwa blanketi la mtoto.

Ningeweza kuinuka. Ningeweza kusema, "Mama, chukua." Nilifikiri kama dakika tano hivi, nikajiambia nitamwamsha bure, nitamwaibisha, nikajikunja ili miguu iingie ndani. Nikalala.

Asubuhi nikapewa chai ya rangi na viazi vya kuchemsha. Moyo ulikuwa unanisuta, basi nikatoa 5,000 kwa siri, nikaiweka chini ya kikombe, nikaaga. Nilikuwa nimekwenda mwendo wa nusu saa, napanda kilima, nikasikia mtu ananiita. Ni mtoto yule wa kikohozi, miguu peku, anahema. Ameshika noti.

"Kaka, umesahau hela yako. Mama amesema utahitaji nauli."

Nikaipokea. Niliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, nikasema asante. Na kitu ambacho mpaka leo kinanitesa kuliko uongo wenyewe ni kwamba nilipoirudisha ile noti kwenye soksi nilijisikia nafuu. Jioni nilipofika Mtae, na tambarare lote likiwa chini yangu la dhahabu kwa jua la magharibi, nilifungua daftari nikaandika: "Siku ya tatu. Matumizi: 0." Nikapigia mstari.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Nilishuka na basi la alfajiri, nikafika Tanga, nikaiona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Nikanunua samaki wa kukaanga na mihogo, na noti niliyotoa ilikuwa ile ile. Nilirudi Kisanga baada ya siku kumi na moja nikiwa na shilingi 9,000. Kijiweni nilipokewa kama mfalme.

Bibi hakuuliza nimetumia shilingi ngapi. Aliuliza nimelala wapi. Nikamsimulia usiku baada ya usiku, maana bibi hadanganywi, na nilipofika kwenye ule wa blanketi nikasimulia mpaka mwisho. Alinisikiliza akichambua mchicha.

"Mtoto alilala na nini?" akauliza.

"Sijui, bibi."

Akaendelea kuchambua mchicha.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria safari yangu upya. Nilichukua daftari nikachora mstari mwingine pembeni, safu ya pili. Safu ya kwanza ilikuwa nilicholipa mimi. Ya pili nikaandika waliolipa wengine. Lori la Mikumi: utingo alikaa kwenye upepo ili mimi nipate mahali pa kushika. Tembo: mahindi ya mtu. Usambara: ugali, maharage, kuni za kwenye baridi, blanketi, usingizi wa mama mmoja, kifua cha mtoto mmoja. Kisha nikakumbuka daftari la Mzungu na nikamfanyia na yeye. Shilingi 1,500 aliandika. Jogoo peke yake angeuzwa 15,000. Weka unga, weka kuni, weka mgongo wangu uliolala chini. Siku ile kijana yule aligharimu zaidi ya dola zake 10. Ila sehemu kubwa ya gharama ilikuwa kwenye daftari la bibi, na bibi hana daftari.

Basi hoja yangu ya kwanza ni hii: safari ya bei rahisi haipo. Ipo safari ambayo sehemu ya bei yake imelipwa na mtu asiyeandika.

Rafiki yangu mmoja wa Mikumi, tunayebishana naye kila jioni, alinipinga hapo hapo. "We umeharibikiwa," aliniambia. "Ukarimu ndio utu wetu. Ukianza kuupigia hesabu, umeuua. Kesho utataka bibi yako atoe risiti." Na ana haki kusema hivyo. Mama yule wa Usambara, kama ningemwambia "niambie bei ya kulala," ningemtukana. Kuna vitu ambavyo vikitiwa bei vinageuka kuwa vitu vingine. Usiku ule ungekuwa gesti, na gesti mbovu, yenye blanketi fupi.

Nimekaa na pingamizi hilo muda mrefu, na jibu nililolipata linatoka hapa hapa wilayani Kilosa, kwenye historia ambayo wengi tuliikariri shuleni ili tufaulu mtihani.

Njia za misafara ya kale, kutoka Bagamoyo kwenda bara, zilipita katika nchi hii ya Usagara. Wasafiri tunaowasoma vitabuni walikuja na mashanta yao yakiwa juu ya vichwa vya watu wengine. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo kama 30, siku baada ya siku, na safari ikabaki na jina la mwenye mali. Lakini hata misafara ile ililipa. Ililipa ujira, na ililipa hongo kwa watawala wa njiani, vitambaa na shanga na nyaya za shaba. Ilikuwa ghali, wasafiri walilalamika mno, ila kila mtu alijua nani anadai nini.

Kisha Novemba 1884 akaja msafiri wa bajeti ndogo. Carl Peters alitoka Ujerumani kwa siri na wenzake wachache, fedha haba, bila serikali yake kumtuma. Alifika Unguja mwanzoni mwa mwezi huo, akavuka bara, akakimbia huku na huko kwa wiki chache tu. Tarehe 29 Novemba alikuwa Msovero, ambayo leo iko katika wilaya yetu ya Kilosa, kwa Sultani Mangungu. Wakafanya urafiki. Peters akatoa karatasi iliyoandikwa kwa lugha yake. Karatasi ile ilizungumza habari za urafiki wa milele, na ndani ya urafiki huo Mangungu alikuwa ametoa nchi yake yote na haki zake zote. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo alizozipata Peters, Usagara ikiwamo. Koloni zima likaanzia kwenye ziara ya wiki chache. Hakuna safari ya bei rahisi kuliko hiyo katika historia ya nchi yetu, na watu waliolipa sehemu iliyobaki, waliendelea kulipa kwa miaka mingi.

Leo mtu akisaini mkataba mbovu Tanzania tunasema amefanya kama Mangungu. Jina lake tumeligeuza kuwa tusi la ujinga. Mimi mwana Kilosa naomba leo nimtetee. Mangungu alifanya kile alichofanya bibi yangu, na alichofanya mama wa Usambara: amefika mgeni, amesema anataka urafiki, akapokelewa. Mwenyeji anayepekua shanta la mgeni kabla ya kumpa maji, huyo si mwenyeji tena. Kosa halikuwa la aliyefungua mlango. Kosa lilikuwa la aliyeingia akijua anachotaka na akasema kingine.

Hapo nikaona tofauti niliyokuwa naitafuta. Mwenyeji akipiga hesabu, ukarimu unakufa, rafiki yangu yuko sahihi. Lakini kwa sababu mwenyeji haruhusiwi kuhesabu, ni lazima mgeni ahesabu. Mmoja kati yao akinyamaza kwa heshima, mwingine hana ruhusa ya kusahau. Wote wawili wakiacha kuhesabu, aliye maskini zaidi ndiye atakayelala bila blanketi. Na akihesabu mgeni peke yake, tena kwa faida yake, kama alivyohesabu Peters, basi hapo ukarimu umegeuzwa mtego, na aliyenaswa ni mwenye nyumba.

Mwaka 1795 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mtu ambaye maisha yake yote hakwenda mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika kitabu kidogo kuhusu amani ya kudumu. Alisema mgeni anapofika nchi ya watu ana haki ya kutotendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni mviringo na binadamu hawana budi kukutana. Lakini haki hiyo, alisema, ni ya kuzuru tu. Kukaribishwa nyumbani ni jambo la hiari na mapatano, mgeni hawezi kulidai. Na aliyashutumu mataifa ya Ulaya (ile nyingine) ambayo kwao kuzitembelea nchi za watu na kuziteka lilikuwa jambo moja. Aliandika hayo miaka 89 kabla Mjerumani mwenzake hajafika Msovero.

Neno la hiari ndilo lililonichoma. Uongo wangu pale jikoni ulifanya nini hasa? Kama ningesema ukweli, "Mama, nina 38,000 na nataka zinifikishe baharini," huenda angenikaribisha vile vile. Huenda angecheka akaniambia gesti iko mbele, mwendo wa saa moja, na blanketi angemwachia mwanawe. Sijui, na sitajua kamwe, kwa sababu nilimnyang'anya nafasi ya kuchagua. Chakula alinipa. Blanketi alinipa. Lakini uamuzi wa kutoa hakuufanya yeye peke yake, niliufanya mimi kwa niaba yake nilipotamka neno "nimeishiwa." Hata 5,000 yangu ilirudi kwa sababu ya uongo ule ule. Mkono wangu wa kulia ulilipa, ulimi wangu ukairudisha.

Kwa hiyo sasa namjibu bibi. Kijana yule anatembea kwa sababu anataka kuona, na kutaka kuona si dhambi. Siungi mkono wanaosema safari ni anasa ya matajiri. Kama ni lazima uwe na fedha nyingi ndipo uione nchi yako, basi vijana wa Kisanga tutakufa tukiwa tumeona stendi ya Mikumi tu, na riwaya zetu zitakuwa za stendi ya Mikumi. Maskini naye ana macho. Kusafiri kwa kubana matumizi ni halali. Kisicho halali ni kumbania mwingine bila yeye kujua.

Na tuna kanuni ya kale inayotosha. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa, aliikumbusha nchi methali hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisema kwa kumcheka mgeni mvivu. Mimi naisikia tofauti siku hizi. Jembe ni heshima. Anayepewa jembe ameambiwa: wewe si ombaomba wala mnunuzi, wewe ni mtu wa hapa. Methali imepata njia ambayo noti yangu haikuipata, yaani namna ya kulipa bila kununua. Ningeweza kupasua kuni asubuhi ile kabla ya chai. Ningeweza kuteka maji. Mama asingetuma mtoto anirudishie kuni.

Sasa nigeuke kwenu, wenzangu wa kalamu, maana sisi ni wageni wabaya kuliko wenye mashanta. Mwenye shanta hulala usiku mmoja akaondoka na picha. Mwandishi huondoka na mama mzima. Tangu nirudi nimeandika sura tatu mpya, na kwa mara ya kwanza wanaosoma wananiambia ziko hai. Unajua ziko hai kwa nini? Kuna mama, kuna ukungu, kuna kikohozi nyuma ya ukuta. Nilimdanganya mtu, nikamnyima mwanawe blanketi, na sasa najengea jina kwa hayo. Je, hiyo nayo si safari ya bei rahisi?

Nimejaribu kujitetea kwa Ibn Battuta. Alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akiwa kijana wa miaka 27, na katika safari zake aliishi sana kwa ukarimu wa wenyeji. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyeitwa baba wa zawadi kwa wingi wa kutoa kwake. Alichorudisha Ibn Battuta ni simulizi. Kwa sababu ya simulizi ile, karne karibu saba baadaye, tunajua kwamba pwani yetu kulikuwa na mtu aliyeitwa hivyo. Kwa hiyo kuandika kunaweza kuwa jembe pia. Lakini sultani alitajwa kwa jina, akasifiwa, na hakudanganywa. Mama yangu wa Usambara hajui kama yuko ndani ya riwaya. Ndiyo maana hapa sijataja jina lake wala kijiji chake, ingawa najua hilo ni jambo dogo, na huenda ni njia tu ya kujificha.

Tangu hapo nimefanya mambo mawili. Mwaka jana usiku mmoja mchuuzi wa vitunguu alikosa gari Kisanga, akabisha hodi kwetu. Nilimpa kitanda changu bila bibi kunitoa. Blanketi langu nalo nilimpa, na nililala kwa baridi nikihesabu saa, nikifikiri sasa angalau najua. Sikuliita hilo malipo. Deni la Usambara haliwezi kulipwa Kisanga, ila nadhani hivi ndivyo ukarimu unavyozunguka, unapewa mahali usipotoa na unatoa mahali usipopewa.

La pili bado sijalimaliza. Ninaweka akiba ya nauli kwenye kopo la maziwa ya unga. Imefika 41,000. Nataka nirudi kwenye nyumba ile nikiwa na blanketi kubwa na sura zangu tatu. Nitaanza na ukweli wa soksi, nikiwa nimesimama nje, kabla sijakaribishwa ndani. Kisha nitamsomea. Akisema futa, nitafuta. Naandika sentensi hiyo na mkono unasita, kwa sababu sura zile ndizo bora nilizowahi kuandika.

Bibi nimemweleza mpango huu. Ameniuliza swali moja tu, na tena sikuwa na jibu: "Na mtoto, mpaka ufike, si atakuwa ameshakuwa mkubwa?"